Barua ya Wazi kwa Ofisa Michezo wa Wilaya: Andazi Moja na Dakika ya 63

Kijana wa miaka 15 mwenye kilo 50, anayefanya mazoezi asubuhi na jioni, huhitaji wanga wa gramu 6 au zaidi kwa kila kilo ya uzito wake, yaani angalau gramu 300 kwa siku. Mwili huuweka kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na akiba hiyo ndiyo inayokimbia uwanjani. Ikiisha, miguu huwa mizito hata kama kijana bado anautaka mpira.

Katika kambi ya wilaya ya kusaka vipaji, siku ya mechi, akiba ilijazwa saa moja asubuhi kwa andazi moja na chai ya rangi. Hapo hazifiki gramu 50. Mpira ulianza saa tisa alasiri. Mlo wa kabla ya mechi huliwa saa tatu au nne kabla ya filimbi: wali, viazi vitamu, ndizi za kupika, na hakuna hata kimoja kinachoagizwa ng'ambo. Winga wa kulia, mtoto wa mwandishi wa barua hii, alikimbia mpaka dakika ya 63. Kisha akaanza kutembea, mikono kiunoni. Fomu ya tathmini ikaandikwa maneno mawili, "hana pumzi", naye akaachwa.

Protini haikukosekana kabisa. Kwa haki, maharage yalipikwa kila usiku. Ila chai inayonywewa pamoja na maharage huzuia madini ya chuma yaliyomo kufyonzwa vizuri, na kipande cha chungwa kingesaidia. Mvulana wa umri huo huhitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, msichana 15. Maji yalikuwa dumu moja la lita 20 kwa msafara mzima, ilhali kijana wa kilo 50 akipoteza kilo moja tu kwa jasho, uwezo wake hushuka. Posho za viongozi, inafahamika, hazikupungua.

Wilaya hupenda kutangaza kwamba inasaka vipaji. Vipaji hivyo hupimwa kwa saa ya kocha, mizani ya jikoni haipo, na anayeshindwa ni mtoto daima, si mzabuni wa chakula.

Ofisa Michezo anaombwa, kwa heshima zote, aifungue tena fomu ile. Kando ya "hana pumzi" paandikwe alichokula siku hiyo, na saa aliyokula.