MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mbio Zisizo na Chakula

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hazijalitambua kuwa ni ugonjwa.

Mama mmoja hapa Bweri alitujia na huzuni nyingi. Binti yake, mwenye miaka 18, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kwenda kukimbia, na jioni akikimbia tena. Mvua ikimzuia, alilia, akakataa chakula, akisema kwamba hakukifanyia kazi. Ugali aliuacha, samaki alimdonoa tu, na kila mara alidai amekwisha kula kwa rafiki. Kisha hedhi yake ikakoma miezi minne. Wazee wakamshtaki kuwa ana mimba, na baba yake akashika fimbo. Walakini mimba haikuwapo. Daktari alipompima aliona moyo wapiga polepole mno, akawaambia kwamba binti huyu ana njaa.

Basi, sababu ni hii. Kazi ya mwili ikizidi chakula siku nyingi, mwili huanza kujinyima. Hedhi hukoma, mifupa hudhoofika hata kupasuka, baridi huzidi, na hasira huja upesi. Zamani wataalamu waliyasema haya kwa wanawake; mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza kwamba wanaume nao hupatwa. Hata kijana ainuaye vyuma kila siku, akiogopa chakula, yumo hatarini.

Wako wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta dalili zake kwa wanawake wa Tanzania. Wengine husema ugali huharibu mbio. Hao na wawatazame wakimbiaji hodari 10 wa Kenya waliochunguzwa kambini, habari zao zikachapishwa mwaka 2004: walikula karibu kalori 3,000 kwa siku, na ugali ulikuwa chakula chao kikuu. Hata hivyo nguvu waliyotumia ilizidi waliyokula. Ikiwa hao walipungukiwa, je, yule akimbiaye kwa kikombe cha chai?

Wazazi, msimpige mgonjwa huyu wala kumlazimisha kwa matusi. Kaeni naye mle pamoja, na msihesabu matonge yake kwa sauti. Akizimia, au hedhi ikikoma, mpelekeni hospitali. Aliyekonda sana asishindiliwe chakula kingi kwa siku moja. Daktari aongoze, maana hilo nalo laweza kuua.

Walimu, msiwataje watoto kwa unene au wembamba wao mbele ya darasa. Neno la mzaha husahauliwa na msemaji, lakini msikiaji hulala nalo.

Tena kwetu Wakristo: funga ina mwanzo na mwisho. Ajifichaye nyuma ya funga ili asile kamwe, huyo asisifiwe utauwa, asaidiwe.

Binti yule sasa hunywa uji wa ulezi pamoja na mama yake kila asubuhi. Kukimbia hajaruhusiwa bado, na siku nyingine machozi humtoka. Baba yake amemwomba radhi mbele ya wazee wale wale waliomshtaki. Nasi twaona kwamba kupona kwake kulianzia hapo.