Baiskeli unayo, mzigo unao, pampu iko wapi?

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa mnadani, leo sizungumzii viwavi wala mbegu. Leo nina ugomvi na wewe, na ugomvi wenyewe ni wa pampu.

Juzi natoka Mwandoya kurudi Mwanhuzi nikamkuta kijana chini ya mgunga, baiskeli kaipindua magurudumu juu, madumu mawili ya maziwa kayaweka kivulini. Pancha ya mwiba. Kiraka anacho, soluchani anayo, spana anazo, hata redio inaimba kwenye usukani. Tyubu ameshaiziba vizuri kabisa. Pampu hana! Nikatoa yangu ya pikipiki kwa majigambo, kumbe mdomo wake haushiki valvu yake, ile nyembamba ya zamani yenye kimpira ndani. Tukabaki tunatazamana. Ilikuwa saa saba mchana na jua la Meatu mnalijua. Maziwa yale hayakufika mjini yakiwa mazima.

Nilipomuuliza alinijibu jibu ninalolisikia kila kijiji: "Huwa naazima njiani." Kwa nani? Wewe unamtegemea mwenzako awe nayo, naye anakutegemea wewe, na wote wawili mnasukuma baiskeli kwa miguu.

Mwingine ananiambia pampu inaibiwa. Mbona simu huiachi kwenye keria? Ukifika mnadani ichomoe, ingia nayo. Mwingine anasema mafundi wapo. Wapo, lakini wako senta. Mwiba uko porini. Halafu piga hesabu. Tuseme fundi anakutoza shilingi 200 kujaza upepo, na unajaza mara tatu kwa wiki. Hiyo ni 600. Kwa wiki nne, 2,400. Endelea mwenyewe mpaka mwaka uishe, kisha ukaulize bei ya pampu dukani.

Wanaoniudhi zaidi ni wanaopanda hivyo hivyo, tairi nusu, gunia la pamba nyuma. Ukigonga jiwe, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa jirani. Ukiyaona hayo usilaumu miiba, ni upepo mdogo. Tairi legevu pia huzunguka kwenye rimu na kung'oa shina la valvu, na hapo hakuna kiraka. Na wewe unayejaza majani ndani ya tairi ili ufike nyumbani, utafika, lakini tairi hilo umeshaliua.

Ukienda kununua, nenda na baiskeli yako. Usikubali maneno ya muuzaji; funga mpira wa pampu kwenye valvu yako na ujaze gurudumu la nyuma pale pale. Vile vipampu vifupi kama tochi, vinavyong'aa, viache dukani. Kila msukumo unatoa upepo kidogo, na gurudumu la kubebea gunia litakuchosha mpaka jua lizame. Chukua ndefu, ya chuma, yenye mpira wa kufunga. Ziba tundu lake kwa kidole gumba, sukuma mpini kwa nguvu. Ikipumua pembeni, irudishe.

Pampu yako ya zamani ikilegea usiitupe kwanza. Mara nyingi ni ile ngozi ya ndani imekauka. Fungua, paka mafuta, ilainishe kwa vidole, rudisha.

Ifunge kwenye fremu kwa ukanda wa tyubu kuukuu, tundu lake ulizibe kwa kitambaa, maana vumbi letu linakula ngozi. Usiiweke chini ya gunia! Nimemwona mtu akishusha magunia mawili barabarani kutafuta pampu. Mpira wake kaa nao mfukoni, pamoja na kimpira cha akiba cha valvu.

Ununuzi wa pamba ukifunguliwa nitakuwa kwenye vituo vya AMCOS, na nitakagua fremu zenu kabla hamjafika kwenye mizani. Nitakayemkuta hana, asije akaniomba ile ya pikipiki.