BIBI HAJAFAHAMU? BASI NA WEWE HUJAJUA!

Haya vijana, wiki hii tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele. Mdogo wangu mmoja wa Msuka, kule kaskazini kabisa mwa Pemba, upande wa Konde, kaniuliza swali zito. Yuko kidato cha sita, anasoma PCB, anautaka udaktari. Anasema: "Kaka, bayolojia naisoma mpaka usiku wa manane, asubuhi imeyeyuka yote. Nifanyeje?"

Kwanza tuelewane. Wenzetu Marekani wana mtihani wao maalumu wa kuingilia chuo cha udaktari, unaitwa MCAT. Kwetu Tanzania, Bara na Visiwani, kwa anayetoka shule moja kwa moja mlango ni ule ule mtihani wa kidato cha sita. Fizikia, Kemia, Bayolojia. Ukiteleza hapo, Muhimbili utaingia saa ya kuona wagonjwa tu, na kikapu cha machungwa mkononi.

Sasa mdogo wangu, ugonjwa wako si uvivu. Ni kukariri! Unapiga msuli kweli, lakini unachobeba ni maneno, jambo lenyewe umeliacha kitabuni. Na lugha inazidisha: pepa ni ya Kiingereza, kichwa chako kinawaza kwa Kiswahili. Unameza maneno kama vidonge bila maji, halafu unashangaa yamekwama kooni.

Dawa yangu ni moja. Funga daftari, nenda kwa bibi jikoni, umweleze somo kwa Kiswahili, kwa vitu anavyovijua. Akikwambia, "Hapo sijafahamu, mjukuu wangu," basi ujue na wewe hujafahamu.

Chukua muhogo. Mabibi wa pwani wanajua muhogo mchungu hauliwi hivi hivi. Unamenywa, unarowekwa, unaanikwa. Kwa nini? Bibi atasema, "Kutoa sumu." Sawasawa. Sasa wewe msomi malizia!

Ndani ya seli ya muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, kimewekwa kwenye vakuoli. Kimeng'enya cha kukivunja kiko kwingine, kwenye ukuta wa seli. Ni kama petroli na kiberiti, kila kimoja na chumba chake, hakuna neno. Ukiukwangua muhogo au ukiuroweka mpaka ukalainika, kuta zinabomoka, viwili hivyo vinakutana, na sayanidi inatoka. Maji yanaichukua, na nyingine inaruka hewani. Bibi hakusoma kemia, lakini anakipa kimeng'enya nafasi ya kufanya kazi kabla muhogo haujafika tumboni.

Na aliyekula bila kusubiri? Sayanidi inakwenda moja kwa moja kwenye mitokondria, inakishika kimeng'enya cha mwisho kwenye ule mnyororo wa kupitisha elektroni, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni zake. Mnyororo unasimama, ATP haitengenezwi ipasavyo. Damu imejaa oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia! Mwaka 1985 kule Tarime, mkoani Mara, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, uliohusishwa na muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha.

Umeona? Muundo wa seli, vimeng'enya na upumuaji wa seli. Mada tatu, muhogo mmoja. Hapo umekariri nini?

Sasa twende kwenye damu. Hemoglobini ni protini ya minyororo minne, kila mmoja umebeba chembe yake ya chuma, na hapo ndipo oksijeni inapopandia. Badilisha asidi ya amino moja tu, ile ya sita kwenye mnyororo wa beta, weka valini mahali pa asidi ya glutamiki, umepata selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jini moja la selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Jenetiki, protini na uteuzi wa asili, vyote ndani ya tone moja la damu.

Na usidhani haya ni ya vitabuni tu. Hapo hapo Pemba, miaka ya mwanzo ya 2000, malaria ikiwa imetanda, watafiti waliwapa watoto wadogo vidonge vya chuma na asidi ya foliki kila siku. Jaribio zima lilikuwa na watoto zaidi ya 24,000. Hesabu ilikuwa nyepesi: damu inataka chuma, mpe mtoto chuma. Agosti 2003 vidonge hivyo vikasimamishwa. Waliopewa chuma walikuwa wanalazwa au kufariki zaidi, kwa asilimia 12, kuliko wasiopewa. Lakini wale waliopimwa wakakutwa na upungufu wa damu unaotokana na kukosa chuma, wao walinufaika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likaonya kwamba penye malaria nyingi chuma kwa watoto kisitolewe bila kuangalia malaria yenyewe. (Jamani, msiende kumnyang'anya mama mjamzito vidonge vyake! Hiyo ni habari nyingine.)

Mdogo wangu, aliyekariri kwamba "chuma hujenga damu" anapata maksi moja. Aliyeelewa atauliza: damu ya nani, na ndani ya chembe zake nyekundu kuna kimelea gani? Huyo ndiye daktari tunayemtaka. Siku moja mama atakuja na mtoto mgongoni akuulize kwa nini unampima kwanza badala ya kumpa vidonge. Hatakuuliza kwa Kiingereza.

Basi fanya hivi. Mosi, soma mada moja, funga kitabu, iandike yote kwenye karatasi tupu. Palipobaki weupe ndipo pa kurudia. Pili, mweleze bibi. Tatu, kaa chini uyaandike maelezo yale yale kwa Kiingereza, maana msahihishaji si bibi yako. Nne, acha siku tatu, rudia bila kuchungulia. Na kila mada jiulize swali hili: hiki kitu kikiondolewa, nini kinasimama? Ukiwa na jibu, hata swali wakiligeuza kichwa chini miguu juu, utalijua tu.

Kudesa hakutakufikisha, na kukesha bila kuelewa ni kupoteza mafuta ya taa. Mei haiko mbali. Muhogo uko jikoni, bibi yupo. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo ya nywele!