Saa Ngapi?

Rangi za harusi zilikuwa damu ya mzee na dhahabu. Hilo sikulipinga. Kamati ina haki ya kuchagua rangi, na sisi wachangiaji tuna haki ya kunung'unika. Lakini wiki mbili kabla ya siku yenyewe uliingia ujumbe kwenye kundi la kamati, usiku, watu wazima wameshalala: wapambe wote saba wa bwana harusi wanunue saa za dhahabu, zenye uso mkubwa, "ziendane na tai." Mmoja wa wale saba ni mpwa wangu. Anaishi kwa mama yake huku Terrat, anaendesha bodaboda isiyo yake, na mali yake yote kwa wakati ule ilikuwa mbuzi wanne. Siku nne baadaye walikuwa watatu. Aliyeondoka ni beberu.

Nilimuuliza. "Mjomba," akanijibu, "wenzangu wote wanazo. Nikienda na ile ya mpira si nitaharibu picha?"

Ile ya mpira ni Casio nyeusi, F-91W, au mwigo wake, sikuichunguza. Ni saa ambayo imeuzwa tangu mwaka 1989 na sura yake haijabadilika. Inamwamsha saa kumi na moja alfajiri kila siku ili awahi wafanyakazi wanaoshuka mjini. Haijawahi kumwangusha. Kosa lake ni moja tu: haifanani na tai.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kuna mafundisho yamezagaa siku hizi kwamba mwanaume anayejiheshimu lazima awe na saa za kutosha: nyembamba yenye mkanda mweusi wa ngozi kwa ajili ya suti, ya chuma kwa ofisini, ya mpira kwa mazoezi, ya mkanda wa kahawia kwa jinzi na mtoko wa Jumamosi, na ya kung'aa kwa sherehe. Mkanda wa saa ufanane na mkanda wa suruali, mkanda wa suruali ufanane na viatu. Machalii wa mjini wanayakariri kama maswali ya kipaimara. Zamani ukimuuliza mtu "saa ngapi?" ulitaka kujua kama gari la mwisho limeshaondoka. Siku hizi usishangae akikujibu, "Tano."

Mimi nasema hivi: saa ya mkononi huvaliwa kwa sababu kuna mtu mahali fulani anakusubiri. Huyo mtu ndiye wa kumfikiria unapoichagua. Viatu havimsubiri mtu.

Wanaotoa masharti haya wanaongea kana kwamba yalishuka mlimani pamoja na zile amri kumi. Hayana umri huo. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 mwanaume wa Ulaya alitia saa mfukoni, na saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Kilichogeuza mambo ni Vita Kuu ya Kwanza. Mizinga inatakiwa inyamaze dakika ile ile askari wa miguu wanapotoka handakini. Katika hali hiyo nani atapekua mfuko wa koti? Saa ikahamia mkononi, na vita vilipoisha ikabaki hapo hapo. Vita hivyo hivyo, kumbuka, vilifika mpaka Longido, nyuma ya Meru yetu hii, Novemba 1914. Sidhani kama yupo aliyekagua iwapo mkanda unafanana na buti.

Na hao wenye suti zao, adabu yao ya zamani kwa mavazi rasmi ya jioni ilisema usivae saa kabisa. Sababu yake ni kwamba mgeni anayetazama saa anamwambia mwenyeji wake kuwa amemchoka. Hiyo ndiyo kanuni pekee katika lundo zima ambayo mzee wa Terrat angeielewa bila kufafanuliwa. Kaa kwenye kikao chini ya mti, mzee anaongea, halafu wewe kijana ugeuze mkono utazame saa. Utaulizwa unafukuzwa na nani. Hata ukiwa umevaa ya dhahabu, hata ukiwa umevaa ya mpira, kosa ni lile lile.

Kwa hiyo mimi sikatai kwamba saa na tukio vina uhusiano. Vina uhusiano mkubwa, ila siyo wa rangi. Mtu anayeshuka kuchimba kaburi huivua na kumpa mtu amshikie. Muuguzi huining'iniza kifuani kichwa chini, kwa sababu mikono yake inaoshwa mara nyingi na inagusa vidonda, na kwa sababu akiinamisha macho anataka kuona mshale wa sekunde ukizunguka huku vidole vyake vikiwa kwenye mshipa wa mgonjwa. Mkamuaji haingii nayo zizini, inamkwaruza ng'ombe. Haya ndiyo mambo ya kumfundisha kijana. Ukimfundisha kwamba kahawia haivaliwi na nyeusi, umemfundisha nini?

Yuko mzee hapa jirani, sitamtaja, anayevaa Seiko 5 aliyoinunua kwa fedha za Mererani. Ni aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963: haina betri, inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, inaonyesha siku na tarehe. Anaivaa na rubega kikaoni. Anaivaa na koti kanisani. Msibani yumo nayo, mnadani yumo nayo. Sijawahi kumwona akionekana vibaya. Nadhani ni kwa sababu saa yake imekuwa sehemu ya mkono, kama kovu, na hakuna anayeuliza kama kovu linaendana na shati.

Ukimuuliza wakati anakunja mkono, anatazama, anasema, "Saa tisa kasoro robo." Uso wa saa yake unasema mbili na dakika arobaini na tano. Sote tunafanya hivyo bila kufikiri: mshale mfupi ukiwa kwenye 7 tunasoma 1, ukiwa kwenye 3 tunasoma 9. Jicho linavuka duara na kuchukua namba iliyo mkabala. Tunahesabu tangu jua lilipochomoza, kama wanavyofanya Wahabeshi, na tumekichukua chombo kilichotengenezwa kwa hesabu ya watu wengine tukakisoma kwa mkia wake. Mimi naona huo ni ujanja mkubwa kuliko mitindo yote. (Saa ya tarakimu inauharibu kidogo, humo inabidi utoe sita kichwani. Mpwa wangu anatoa sita haraka kuliko mimi.)

Sasa chukua saa ya kamati. Uso wa dhahabu, mishale ya dhahabu juu yake, hakuna namba hata moja, vijiwe tu. Ndani mna viduara vitatu vidogo ambavyo vimechorwa, havizunguki. Jua likiipiga huoni kitu. Haisomeki kwa Kizungu wala kwa Kiswahili. Ilichaguliwa na mtu aliyekuwa anafikiria tai.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: wewe umezeeka, unawaonea wivu vijana, mbona uzuri nao ni kitu? Uzuri ni kitu. Naishi katikati ya akina mama ambao shanga moja ikikaa mahali pasipo pake wanaufumua ushanga mzima na kuanza upya. Hakuna wa kunifundisha kwamba rangi ni upuuzi. Mikanda ya saa ya shanga inayouzwa kwa watalii pale mjini ni kazi ya mikono ya wanawake hawa, na mingine ni mizuri kwelikweli. Lakini mwanamke akivaa shanga zake huzivai kwa sababu mtu ametuma ujumbe usiku kwamba asipozivaa ataharibu picha ya mwenzake. Wala hauzi mbuzi. Na shanga haijifanyi kuwa inapima kitu.

Nitaambiwa pia kwamba saa nyingi ni akiba. Labda kwa tajiri mwenye Rolex halisi. Hizi za kwetu, za kwenye ubao wa machinga, mshale wa sekunde unaruka tik, tik, tik chini ya jina la kampuni iliyojijengea sifa kwa mshale unaoteleza. Miezi sita na dhahabu inabanduka, chini unakuta bati. Akiba ni yule beberu.

Azimio la Arusha, mwaka 1967, liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika makampuni, kuwa na nyumba za kupangisha. Kuhusu saa mbili halikusema. Sipendekezi lisahihishwe, natania tu. Ila natamani kamati zetu za harusi zingekuwa na mwongozo wa aina ile, hata wa mistari mitatu.

Niwe mkweli: mimi mwenyewe ninazo nne. Nilipewa moja nilipopata kipaimara, nyingine nikanunua nilipopata kazi, mbili nyingine zilikuja kwa sababu ya ujinga huu huu ninaoupigia kelele. Mbili kati ya hizo nne zimekufa, na moja iliyokufa nimewahi kuivaa mwaka mzima, kwa kuwa ilikaa vizuri na shati jeupe. Nilikuwa natazama simu mfukoni huku saa imo mkononi. Siku nilipoipeleka kwa fundi saa, mzee mwenye kiboksi chake cha kioo na mwavuli, nikamwamkia, akaitikia, akaifungua, akaipuliza vumbi, akaniuliza, "Mwanangu, unataka iende, au unataka mkanda?" Nikamwambia nataka iende. Akacheka. Wateja wake wengi siku hizi, akasema, wanataka mkanda.

Nikitaka kuona watu wanaojua kuchagua saa naamka mapema na kukaa kando ya barabara ya lami. Wanariadha wanapita, wamekonda, na mkononi kila mmoja ana plastiki kubwa isiyo na sura. Hao wanajua wanachokitaka. Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu, ambaye mazoezi yake ni ya Arusha hapa, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule: saa 2, dakika 9, sekunde 48. Kilichowatenganisha baada ya kilomita 42 ni sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo dhahabu ndiyo ninayoweza kumshauri mtu auze mbuzi akaitafute.

Ibada ya harusi ilipangwa kuanza saa nane mchana. Mimi nilifika saa nane kasoro. Ndani ya kanisa, benchi la mbele, alikuwa ameketi koko wa bibi harusi, aliyetoka Monduli asubuhi na mapema, gari mbili na pikipiki, ameshika fimbo yake na mfuko wa zawadi. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Kulikuwa na harusi nyingine ya saa tisa na watu wake walianza kujaa uani, tarumbeta zao zimenyamaza kwa adabu. Koko akanigeukia, akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia. Baada ya muda akaniuliza tena. Mara ya tatu hakuuliza. Alitazama kivuli cha dirisha sakafuni, akatikisa kichwa.

Msafara uliingia saa tisa na robo. Walikuwa wamekwama kwenye kupiga picha pale Mnara wa Saa, na naapa sijatunga hilo. Mchungaji akafupisha mahubiri mpaka yakabaki salamu. Koko alikuwa ameandaliwa nafasi ya kuwabariki wajukuu kwa maneno yake kabla ya kutoka. Nafasi ile ikafutwa, wale wa saa tisa wanasubiri. Akawabariki nje, kwenye vumbi, katikati ya honi, na bibi harusi alisikia nusu.

Wakati wa picha za kanisani wale saba walijipanga kwenye ngazi, kila mmoja amekunja mkono wa kushoto mbele ya kifua kama mpiga picha alivyowaelekeza. Nikasogea kutazama. Saa zote saba zilisema saa nne na dakika kumi.

Ndivyo zinavyowekwa madukani na kwenye matangazo, mishale imefunguliwa kama mikono ya mtu anayekukaribisha, ili jina la kampuni lionekane katikati. Ubavuni, kwenye kile kifundo cha kuzungushia, kila saa bado ilikuwa na kipande cheupe cha plastiki kinachozuia betri isitumike. Vijana saba, na hakuna aliyekivuta. Hakuna aliyekuwa ameitazama kwa ajili ya kujua wakati.

Nilimweleza mpwa wangu Jumapili jioni, akakivuta kwa kucha mbele yangu, mshale wa sekunde ukashtuka na kuanza kwenda. Akaisikiliza sikioni. Nikamwambia airekebishe basi, isome wakati wa sasa. "Kesho, Mjomba," akasema, na akaiweka kabatini juu ya tai. Alfajiri nilisikia ile ya mpira ikilia kule chumbani kwake, kisha pikipiki ikiwaka.