Mchagua Nazi Hupata Koroma: Ni Linux Gani kwa Gemu?

Watu wa mwambao si wageni wa michezo. Tangu kale bao limechezwa chini ya miti, karata na dhumna zimechezwa barazani, na keram imewakesha vijana usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe. Kwa hivyo sioni sababu ya mzee kumkunjia uso kijana wa Shela au Maweni, hapa Malindi, eti kwa kuwa bao lake yeye limo ndani ya kompyuta. Mchezo ni mchezo. Maadamu hauli wakati wa swala, hauli masomo wala hauingii kamari, mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni juu ya fedha zinazopotea, na maneno matupu yanayowapoteza vijana, wakati wa kuchagua mfumo wa kuiendesha hiyo kompyuta.

Jambo hili limekuwa kubwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuirekebisha na kuilinda Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti yake: kwa kawaida haipokei rasmi prosesa ya Intel iliyotangulia kizazi cha 8, wala kompyuta isiyokuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Sasa tazama kompyuta zilizomo majumbani mwetu, Malindi hata Kilifi. Aghalabu ni zile zilizokwisha kutumika maofisini huko Ulaya, zikashushwa Mombasa, zikanunuliwa kwa fedha za kudunduliza. Bado ni nzima, zina nguvu zake, lakini mlango wa Windows 11 umefungwa mbele yao.

Mwenye kompyuta hiyo ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua nyingine, na si kila mzazi anayeiweza. Ya pili ni ile tunayoijua sote na tunaona haya kuitaja: kumwendea fundi atie Windows ya wizi kwa shilingi chache. Ya tatu ni Linux.

Hiyo njia ya pili tusiipitie kimyakimya. Tumezoea kusema kuwa kitu kisichoshikika hakiibiwi. Lakini wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, walipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988, waliamua kuwa haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia, na si halali kuzivamia. Basi mzazi anayemkataza mwanawe kuchuma embe la jirani bila ruhusa, kisha akamlipa fundi amtilie programu ya wizi, amefundisha nini? Isitoshe, programu hizo za magendo mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Njia ya tatu haina fedheha hiyo. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, na mwaka 1992 ikawekwa chini ya leseni inayompa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Waingereza hupata taabu kuieleza, kwa sababu neno lao moja lina maana mbili. Sisi Waswahili tuna maneno mawili yaliyo wazi: bure na huru. Linux aghalabu ni bure, lakini kubwa zaidi ni kuwa ni huru. Mfano wake ni kama kisima cha wakfu: mpitaji huteka, mwenye ujuzi hukitengeneza, wala hapana awezaye kukizungushia ukuta akasema ni changu peke yangu.

Hata hivyo, Linux yenyewe ni kiini tu, mfano wa unga. Mmoja huuchukua akapika mahamri, mwengine chapati, mwengine mkate wa mofa. Kila pishi lina jina lake: Debian, Ubuntu, Linux Mint, Fedora, Arch, Bazzite na mengine mengi. Mafundi huyaita distro. Na hapa ndipo matata yanapoanzia, maana kijana akitaka mkate wa kula asubuhi huambiwa achague katika mapishi mia.

Vijana hunijia na swali moja: “Ami, Linux gani ndiyo ya gemu?” Nami huwajibu kwa swali: “Mwanangu, gemu gani?” Wengi hukasirika, wakidhani ninawakwepa. Siwakwepi. Hilo ndilo jibu lenyewe, kwa sababu anayeanza kwa distro ameanza safari kwa kuchagua rangi ya tanga kabla hajajua anakwenda Lamu au Pemba.

Nitaeleza. Gemu nyingi zimetungwa kwa ajili ya Windows. Mwezi Agosti 2018 kampuni ya Valve ya Marekani, yenye duka la gemu liitwalo Steam, ilitoa programu ya Proton. Kazi yake ni ya mkalimani: gemu husema Kiwindows, yeye huifasiria Linux. Mkalimani huyu amekuwa hodari mno, hata mwezi Februari 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, kompyuta ndogo ya mkononi ya kuchezea gemu, inayoendeshwa na Linux. Leo maelfu ya gemu za Windows huchezeka, na nyingine hazimhitaji mkalimani kabisa. Counter-Strike 2 na Dota 2, kwa mfano, zimetungiwa Linux moja kwa moja.

Lakini zipo gemu zilizowekewa askari wa kuwanasa walaghai, na askari huyo akimwona mkalimani humfungia mlango. Na gemu mojawapo ni ile ile ipendwayo sana na vijana wetu: mpira. EA Sports FC, iliyokuwa ikiitwa FIFA, ina askari wa namna hiyo, na haikubali Linux. Fortnite haikubali. Valorant haikubali. Apex Legends ilikuwa ikikubali, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 wenyewe wakaifunga. Grand Theft Auto V huchezeka ukiwa peke yako, lakini tangu Septemba 2024, ilipoongezewa ulinzi mpya, uwanja wake wa kuchezea na wenzako mtandaoni umewatoa nje watu wa Linux.

Basi kijana ambaye furaha yake yote ni EA Sports FC, hata ukimpa distro mia, hakuna itakayomfaa. Ningemshauri abaki na Windows ya halali ikiwa kompyuta yake inaikubali, au acheze mpira huo kwenye mashine za ukumbini, na kompyuta yake aiwekee Linux kwa masomo na gemu nyingine. Kumficha ukweli huu kwa ajili ya kuisifu Linux ni kumuuzia samaki aliyelala.

Baada ya gemu, tazama kilichomo ndani ya kompyuta. Proton huzichora gemu nyingi za siku hizi kwa lugha iitwayo Vulkan. Picha zinazotoka kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 na zilizotangulia haziijui lugha hiyo sawasawa. Kuanzia kizazi cha 6, cha mwaka 2015, zinaijua, ingawa nguvu zake ni za gemu nyepesi. Mwenye kutaka zaidi itambidi atie kadi ya picha. Kadi za AMD, kama RX 580 ya mwaka 2017, programu zake zimo ndani ya Linux tayari, unawasha, unacheza. Kadi za NVIDIA huhitaji programu ya kampuni yenyewe, na hapo distro yaanza kuwa na maana.

Chukua mfano wa GTX 1060 ya mwaka 2016, kadi nzuri kwa mtu wa kipato cha wastani. Mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kuwa programu yake namba 580 ndiyo ya mwisho kuzihudumia kadi za umri huo. Distro ya Arch, inayosifika kwa kuchukua kila kipya mara kinapotoka, ilihamia programu iliyofuata mwezi Desemba 2025. Mwenye kadi ya zamani ambaye hakusoma tangazo akabadilisha programu kwa mkono wake, alijiweka katika hatari ya kuwasha kompyuta asione kitu. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kompyuta ya zamani haitaki distro ya haraka. Yataka distro yenye subira.

Jambo la tatu ni bando. Waandishi wengi wa mambo haya wanaishi mahali ambapo intaneti hutiririka kama maji ya bomba. Kijana wa Watamu au Mtwapa anayenunua bando kwa siku hawezi kufuata ushauri wao bila kuupima. Kuiteremsha Linux Mint ni takriban gigabaiti 3. Bazzite ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na masasisho yake nayo ni mazito. Na umeme ukikatika katikati ya kusasisha, je? Kabla ya kusasisha, jua njia ya kurudi ulikotoka.

Jambo la nne, nalo kwangu ni zito kuliko yote, ni jirani. Mtu ni watu. Distro bora kwako ni ile ambayo yupo mtu wa mtaa wako anayeitumia, ambaye ukikwama usiku utamgongea mlango kesho baada ya alfajiri. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na humo mna vijana wanaosomea kompyuta. Ukiwakuta wanatumia Ubuntu, tumia Ubuntu. Tena flashi moja ikishatiwa distro huhudumia mtaa mzima bila mtu kuiba chochote, maana leseni yenyewe imeruhusu kugawana. Hapo tatizo la bando nalo limepungua.

Sasa nitoe hukumu yangu, nisije nikaonekana ninazunguka mbuyu. Mwenye kompyuta ya miaka mingi, au kadi ya NVIDIA ya zamani, au bando la kubania, achukue Linux Mint. Imejengwa juu ya Ubuntu yenye kutunzwa miaka mingi. Toleo lake la 22, la mwaka 2024, litahudumiwa hadi 2029. Ina dirisha la kukuchagulia programu ya kadi yako, na ina Timeshift ya kukurudisha ulikokuwa mambo yakiharibika. Mwenye kompyuta mpya kidogo, kadi ya AMD, na intaneti isiyohesabiwa, ambaye hataki lolote ila kucheza, achukue Bazzite. Ilitoka mwaka 2023, imejengwa juu ya Fedora, huja na Steam ndani yake, na sasisho likiharibika unaweza kuirudisha katika hali ya awali. Arch ni ya mwenye kupenda kuifungua mashine na kuifunga; ni chuo kizuri cha ufundi, lakini si mahali pa kumpeleka mtoto aliyetaka kucheza Ijumaa jioni.

Wako watakaosema: mwache kijana ajaribu zote, ndipo atakapojifunza. Siwapingi moja kwa moja, maana udadisi ni mama wa ujuzi. Lakini nimewaona vijana wanaobadilisha distro kila wiki, bando linakwisha, gemu haijachezwa, na hakuna hata moja waliyoijua kwa undani. Mchagua jembe si mkulima. Tofauti ya kasi ya gemu baina ya distro na distro, kadi ikiwa ni ile ile na programu zake ni mpya, mara nyingi ni ndogo mno, jicho halitaiona. Anayekwambia kuwa distro yake itaifanya kadi dhaifu iwe simba anakuuzia hirizi.

Kwa hivyo, kijana, kabla hujaigusa kompyuta chukua karatasi. Andika gemu 5 unazozipenda. Tafuta kila moja katika orodha ya ProtonDB, ambamo wachezaji wenyewe hueleza gemu ipi inakubali Linux na ipi inakataa. Andika jina la prosesa na kadi yako. Andika jina la mtu utakayemuuliza ukikwama. Nakili picha na masomo yako pahali pengine. Kisha tia distro moja, kaa nayo miezi 6.

Nawe mzazi, usilipe shilingi kabla ya kuiona karatasi hiyo. Kijana aliyeweza kuijaza amekwisha kujifunza kupima mahitaji yake, uwezo wake na jirani zake kabla ya kutoa fedha. Ilimu hiyo itamfaa siku atakaponunua chombo cha kuvulia, kiwanja, au pikipiki ya kazi. Asiyeweza kuijaza, mwambie angoje. Nazi haijapea.