Sindano ya Uchungu Haifungui Njia

"Mpige sindano ya uchungu, atazaa tu." Hapa Upper Hill nimeisikia kauli hii kwa bawabu wa jengo la ofisi, kwa wakili anayefuga mbwa wawili wa ulinzi, kwa muuzaji wa agroveti, na hata kwa daktari wa binadamu aliyekuwa akitoka zamu. Husemwa kwa huruma. Mbwa anahema, anaparura sakafu, halali wala hatulii, saa zinayoyoma, na mwenyewe amechoka kumtazama akiteseka. Lakini kauli hiyo si ya kweli, na kwa kuwa imevaa vazi la huruma, watu wema ndio wanaoitii upesi zaidi.

Wa mwisho niliyemwona akilipia kauli hiyo alikuwa jike wa miaka minne, mchanganyiko wa German Shepherd, katika ua wa nyuma wa nyumba ya zamani iliyosalia katikati ya maghorofa, si mbali na Barabara ya Ragati. Alibeba mtoto mmoja tu. Hilo hakuna aliyelijua, maana hakuna aliyewahi kumpeleka kupigwa picha. Mtu ambaye kila mmoja pale alimwita "daktari", na ambaye cheti chake hakuna aliyewahi kukiuliza, alimdunga saa mbili usiku. Saa tatu akamdunga tena. Mimi nilifika saa nne.

Nilimkuta amelala ubavu. Niliweka kiganja tumboni mwake. Uchungu wa kawaida huja na kuondoka: unahisi tumbo likikaza, kisha likiachia, kama mtu anayevuta pumzi na kuitoa. Lile halikuachia. Lilikuwa gumu kama ubao, dakika baada ya dakika. Chini ya mkia palikuwa na majimaji ya kijani yaliyokolea hadi kukaribia weusi, na hapakuwa na mtoto. Tulimbeba kwenye blanketi hadi kwenye gari. Kliniki walipompasua walikuta kilebu mkubwa, kichwa kimejaa kwenye nyonga kama kizibo, ameshakufa. Mji wa mimba ulikuwa umechanika, ukaondolewa. Mama alipona.

Yule aliyemdunga hakuwa mkatili. Aliamini kile ambacho wengi wetu tunakiamini: kwamba dawa ya uchungu humsaidia mnyama aliyekwama. Sivyo. Dawa hii husukuma, basi. Haipanui nyonga, haimgeuzi mtoto aliyekaa vibaya, haipunguzi kichwa. Njia ikiwa wazi na nguvu ndiyo iliyopungua, itasaidia. Njia ikiwa imezibwa, itamsukuma mtoto dhidi ya mfupa mpaka kitu kipasuke. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mbwa aliyechelewa kuzaa ni nini kinachomzuia, na hakuna sindano iliyowahi kulijibu.

Dawa yenyewe ni oksitosini, homoni ambayo mwili wa mbwa hujitengenezea na kuitoa kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi hiyo huufanya mji wa mimba wa paka ukaze. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akaiunda homoni yenyewe maabarani, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Jina la oksitosini limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni kuzaa upesi. Jina hilo limewapotosha wengi, maana upesi ndio kitu ambacho mtoto aliye tumboni hakihitaji. Kila mji wa mimba unapokaza, mishipa inayompelekea damu hubanwa, naye hukaa bila hewa mpaka uachie. Ni kama mtu anayezamishwa kichwa majini na kuinuliwa. Akiinuliwa kila mara, ataishi. Oksitosini ikizidi, hainuliwi tena, na kondo huanza kubanduka kabla ya wakati wake. Ule ukijani niliouona hutoka hapo, kwenye kingo za kondo la mbwa. Ukitokea baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa ni jambo la kawaida. Ukitokea kabla yake, unatangaza kwamba kuna mtoto aliyekatiwa hewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatendeka kwenye kilima hiki, kwenye kivuli cha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako wanafunzi wa udaktari na ukunga wamefundishwa kizazi baada ya kizazi jinsi ya kuiogopa dawa hii. Muulize mkunga yeyote aliyefunzwa. Mama akihitaji kuongezewa uchungu, oksitosini huchanganywa kwenye dripu, matone yakahesabiwa, moyo wa mtoto ukasikilizwa, na dripu ikafungwa mara tu mikazo inapozidi. Ile sindano ya uniti 10 inayodungwa pajani kwa mkupuo mmoja hutolewa mtoto akishazaliwa, ili kuzuia damu isimwagike. Kumdunga mama uniti hizo msulini wakati mtoto angali tumboni ni kosa ambalo hakuna wodi inayolivumilia. Vuka barabara ukaingie uani, ampuli ileile, uniti zilezile, hudungwa nzima kwenye paja la mnyama wa kilo 25, na hakuna anayesikiliza moyo wowote.

Tuzungumzie kipimo, maana hapo ndipo wengi huniambia, "Nilimpa kidogo tu." Vitabu vya zamani viliruhusu uniti 5 hadi 20 kwa mbwa, na watu wengi wanaodunga mitaani bado wanaishi katika zama hizo. Madaktari wa uzazi wa mbwa leo huanza na robo uniti au nusu, na ni nadra kuvuka uniti chache kwa mbwa mzima. Chupa ya agroveti na ampuli ya duka la dawa kwa kawaida zina uniti 10 kwa kila mililita. Piga hesabu: robo uniti ni sehemu ya arobaini ya mililita moja, karibu nusu ya tone. Chukua bomba la mililita mbili, lile linalouzwa kila mahali, ulishike chini ya taa ujaribu kupima nusu ya tone. Huwezi. Nafasi iliyo shingoni mwa bomba peke yake inameza zaidi ya hapo. Daktari huizimua kwanza, au hutumia bomba jembamba lenye mistari ya karibu karibu. Kwa hiyo aliyempa mbwa wake "nusu mililita tu" amempa uniti 5, mara 20 ya kipimo cha kuanzia.

Tena dawa hii inataka baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiwekwa kwenye rafu inayopigwa na jua, hupoteza nguvu polepole, na hakuna atakayeona tofauti kwa macho. Basi mtu hudunga iliyokufa, haoni kitu, akarudia, haoni kitu, akaazima nyingine iliyotoka kwenye friji na kudunga kiasi kilekile. Anashangaa mbwa anapoanza kulia.

Sisemi oksitosini ni sumu. Sababu kubwa kuliko zote ya majike kukwama ni mji wa mimba kuchoka, au kutoanza kazi kabisa, na hapo dawa ina nafasi yake. Lakini hata hapo ahadi yake ni ndogo kuliko sifa zake. Uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 1994, wa majike 182 waliopata shida ya kuzaa, ulionyesha kwamba tiba bila upasuaji iliwafaa chini ya theluthi yao. Mara nyingi kinachokosekana ni kalsiamu. Kalsiamu huipa mikazo nguvu, oksitosini huiongezea idadi, na kuongeza idadi ya mikazo dhaifu hakumtoi mtoto. Tafadhali mtu asiikimbilie kalsiamu nayo kwa sababu nimeitaja: ikiingizwa mshipani kwa haraka inaweza kuusimamisha moyo.

Halafu kuna kosa la saa. Wengi wa mbwa wanaosemekana wamekwama hawajaanza hata kusukuma. Hatua ya kwanza ya uchungu, ile ya kuhema, kutetemeka, kukataa chakula na kuparura matandiko, huchukua saa 6 hadi 12, na kwa jike anayezaa mara ya kwanza inaweza kufika 24 au kuzidi. Wakati huo mlango wa kizazi ungali unafunguka. Mwenye mbwa hutazama saa yake, hukumbuka kwamba mbwa wa jirani alizaa kwa saa tatu, na kuita sindano. Anasukuma mlango uliofungwa.

Kuna kuchelewa kwa kweli, nako kunajulikana. Jike anayesukuma kwa nguvu nusu saa nzima na mtoto haonekani, huyo ni wa kupelekwa sasa hivi. Aliyepumzika zaidi ya saa mbili na unajua wamo wengine, piga simu. Aliyetoa ule ukijani kabla ya mtoto wa kwanza, usingoje hata kuvaa viatu vizuri. Na bulldog na wenzake wenye uso bapa, ambao tumewazalisha kwa vichwa vipana na nyonga nyembamba kwa sababu tunapenda sura zao, waandaliwe upasuaji tangu mimba ikiwa changa. Nchini Uingereza iligunduliwa kwamba katika aina kama bulldog, zaidi ya mimba 8 kati ya 10 huishia kwenye kisu. Kumdunga mbwa wa namna hiyo sindano ya uchungu kipofukipofu ni kumwadhibu kwa umbo tulilompa sisi.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu la haki: upasuaji ni ghali, usiku daktari hapatikani, sindano ni bei ya chakula cha mchana. Wapo watu hapa ambao mbwa ndiye mlinzi wao wa pekee, na watoto wa mbwa ndio karo ya muhula ujao. Siwadharau. Lakini gharama hiyo hupungua mapema, si saa nne usiku. Picha ya eksirei baada ya siku ya 55 itakuhesabia watoto na kukuonyesha kama kuna mwenye kichwa kikubwa. Kipimajoto cha kawaida, kikitumika asubuhi na jioni kuanzia wiki ya mwisho, kitakwambia siku yenyewe: mbwa huwa na nyuzi 38 hadi 39, na zikishuka chini ya 37 na nusu, uchungu kwa kawaida huja ndani ya saa 24. Ukijua hivyo, unamtafuta daktari mchana, mnakubaliana bei mchana, na gari linajulikana ni la nani. Ua ule wa Ragati ulikosa haya yote, na mwishowe ukalipa upasuaji uleule, pamoja na kuondoa mji wa mimba, bila mtoto wa kuuza.

Ninayemlaumu bila kusita ni anayeiuza dawa hii kama pipi. Chupa inayokaa kwenye rafu ya agroveti imewekwa kwa ajili ya ng'ombe wa mamia ya kilo, ateremshe maziwa au aachie kondo. Tangu 2011 tuna sheria inayosema ni nani anayeruhusiwa kutibu wanyama nchini, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ina rejista. Uliza nambari ya usajili ya anayeingia uani kwako na bomba mkononi. Aliyesajiliwa hatakasirika. Siombi dawa ipigwe marufuku. India ilijaribu mwaka 2018 kuibana kwa sababu ya kutumiwa vibaya kwa ng'ombe wa maziwa, na Mahakama Kuu ya Delhi ikaifuta amri hiyo kabla ya mwaka kuisha, maana akina mama wangeikosa. Naomba tu mbwa aguswe kwanza, apimwe kwanza, ndipo adungwe.

Nimeona inavyofanywa. Jirani yangu, mama aliyestaafu anayefuga jike mmoja tu, alikuwa na picha ya watoto watano aliyoibandika kwenye friji. Jioni kipimajoto kilisoma 37.1, akampigia daktari. Kufikia saa tisa usiku vilebu wanne walikuwa nje, wakavu, kisha kimya. Daktari alimwambia kwa simu awaweke wote kwenye chuchu, kwa maana mtoto anyonyapo humfanya mama aitoe oksitosini yake mwenyewe, na amtembeze uani. Saa moja na nusu ikapita. Akaja. Alinawa, akavaa glavu, akaingiza kidole taratibu: njia wazi, hakuna kilichoziba. Akaweka mashine ya ultrasaundi na sote tukasikia moyo ukienda kasi kama cherehani, mapigo 200 kwa dakika. Angekuta chini ya 160, alituambia, tungekuwa tayari njiani kwenda kupasua. Alitoa kalsiamu chini ya ngozi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akangoja. Ndipo akatoa ampuli kwenye kijisanduku chenye barafu, akavuta kiasi ambacho sikukiona mpaka alipokisogeza kwenye taa, akakizimua, akadunga sehemu yake.

Wa tano, jike, alitoka dakika kama ishirini baadaye, akalia kabla ya kupanguswa. Ampuli ilikuwa imebaki karibu nzima. Daktari aliimwaga kwenye sinki la jikoni na kufungulia maji.