Mwizi akiingia, ndoo na dekio visubiri

Ukirudi nyumbani ukakuta nondo za dirisha zimekunjwa na kabati limepekuliwa, mkono mmoja huenda kwenye simu na mwingine kwenye dekio. Inaeleweka. Nani anataka watoto wakute matope ya mwizi sebuleni? Lakini mzazi mwenzangu, acha ndoo ilipo mpaka polisi wafike.

Alama ya kidole ni jasho na mafuta ya ngozi. Jasho lina chumvi, na chumvi huyeyuka majini kama ile ya jikoni. Mafuta hayayeyuki, ndiyo maana sufuria ya pilau ukiisuuza kwa maji matupu hubaki inateleza. Kwa hiyo kioo kilichonyeshewa, hata chupa iliyotupwa mtaroni, bado vinaweza kutoa alama. Ule unga mkavu wa kupaka kwa brashi haufai kwenye kitu kibichi. Mtaalamu hunyunyizia maji yaliyochanganywa na unga laini wa molibdenamu disalfaidi, wenye rangi ya kijivu kilichokoza, na chembe zake hung'ang'ania mafuta yaliyobaki. Karatasi iliyolowa ina dawa yake nyingine, yenye madini ya fedha.

Sabuni, jiki na petroli ni habari nyingine, hasa vikifuatwa na kitambaa cha kusugulia. Hata hivyo, kama umeshadeki, sema ukweli: umefuta wapi, kwa kitu gani. Dawa itachaguliwa kulingana na jibu lako, na pengine upande wa chini wa kitasa haukufikiwa.

Kitu kilicholowa kiache kikauke chenyewe kivulini. Usikipige pasi wala kukifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kioo kilichovunjika kikiwa nje na mvua inakuja, kifunike kwa beseni bila kukigusa.

Alama za watoto hupotea upesi zaidi. Mwaka 1993, mjini Knoxville, Marekani, mtoto wa kike alitekwa, na polisi hawakupata alama zake ndani ya gari la mtuhumiwa. Mpelelezi Art Bohanan hakuridhika, akawafuata wanakemia wa maabara ya Oak Ridge. Walikuta mafuta kwenye vidole vya mtoto ambaye hajabalehe ni mepesi na huyeyukia hewani. Ya mtu mzima ni mazito, hudumu. Mtoto akipotea, usingoje jioni kutoa taarifa.

Halafu kuna dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Alama zake zimejaa nyumba nzima kwa sababu yeye ndiye anayefuta meza, na alama haiandiki tarehe. Kumtuhumu kwa sababu vidole vyake vimeonekana kabatini ni uonevu. Polisi wakija wanaweza kuchukua alama za wote wa nyumbani, zako na za mwenzako pia, ili zitengwe na zibaki zile ngeni. Mweleze hivyo mapema, maana atakuwa anatetemeka.